Mshika Mawili

Fomu ya kustaafu ina kisanduku kimoja cha fani.
"Moja tu, Daktari," anasema Yaqdhan wa utumishi,
"mfumo haukubali mbili."
Nje, Al-Khoudh inachemka, magari yanatetema kwa joto,
na mimi niliyejenga mifumo miaka thelathini na moja
nimekwamishwa na mfumo.

Mama alinionya mapema, kwa Kiswahili cha Ng'ambo
alichokuja nacho Ruwi pamoja na mbuzi yake ya kukunia nazi:
"Shinuna, mshika mawili moja humponyoka.
Shika vitabu, au shika hayo makompyuta yako."
Nilishika. Mkono huu, na huu.

Kitabu cha kwanza nilikitoa Nizwa,
katika sanduku la mjomba lililokwisha kuonjwa na mchwa:
fiqhi ya tohara, chapa ya risasi,
karatasi rangi ya chai ya jana.
Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa
unahisi herufi zilivyouma.
Ukurasa wa arubaini na mbili palikuwa na wau
iliyokatika mkia.
Wau, ile herufi moja ya Waarabu
ambayo sisi kwetu ni "na".
Nikaiona tena ukurasa wa sitini. Tena wa tisini na nane.
Kipande kile kile cha risasi, kilema kile kile,
kikitoka kashani asubuhi na kurudi jioni
kama kibarua.

Nikaipeleka kwa mashine. Siku hizo ilikuwa moja, kitivo kizima,
tukiifunika kanga isiingie vumbi.
Nikaionyesha wau yangu. Ikaona kosa. Ikasahihisha.
Nikairudisha. Ikasahihisha.
Miaka mitatu nilifundisha mashine
kutosahihisha:
ikione kilema, ikihesabu, ikiulize
jana ulikuwa ukurasa gani.

Watu wa fasihi wakasema, huyo wa mashine.
Watu wa mashine wakasema, huyo wa makaratasi.
Nikawa popo: wakihesabiwa ndege simo,
wakihesabiwa wanyama simo.
Mhadhara wangu mkubwa walikuja saba,
na wawili kati yao waliifuata halua.

Lakini niliwaambia wale saba:
hivi vitabu viwili, ambavyo kurasa zao za mbele zinaapa
kwamba vimepishana miaka sita,
vilipangwa kipupwe kimoja, meza moja,
na mtu mmoja.
Jina lake silijui.
Najua kwamba baada ya adhuhuri
alichanganya sini na shini, usingizi ukimpapasa.
Najua aliugua, maana kurasa nane si za mkono wake.
Na najua aliiona ile wau imekatika
akaipanga vivyo hivyo, pengine hakuwa na nyingine.
Nimemjua kuliko nilivyowajua mawifi zangu.

Basi mama, kuna kilichoponyoka. Sikatai.
Kuna vyakula vilivyopoa,
kuna Idi nilizokula maktaba, mlango umefungwa, kiyoyozi kikinung'unika.
Ulipolazwa Khoula ukaniuliza,
"Miaka yote hii, mwanangu, unatafuta nini?"
Nikakwambia: mkia wa herufi.
Ukacheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika.
"Na umeupata?"
Bado, mama.
"Haya. Tafuta."

Yaqdhan anagonga meza kwa kalamu.
Nyuma yangu wamesimama watu, mmoja anakohoa makusudi.
"Andika lolote, Daktari. Mradi liwe neno moja."

Naweka kidole kwenye kibodi.
Nagusa herufi moja tu,
mkia wake mzima.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Mfumo umekubali.